Mahali Alipozoea Kusimama Papa Bona

Raia wote wanajulishwa kwamba filamu ni picha. Kwamba picha inajieleza yenyewe mbele ya kila mtu mwenye macho mazima. Na kwamba maneno yanayoongezwa juu yake na mtu wa pembeni, kwa mikro au kwa kinywa kitupu, hayaongezi kitu chochote katika akili ya raia, isipokuwa kelele. Kwa hiyo, kufasiri filamu kwa sauti ya juu kumekatazwa katika quartier nzima, kuanzia siku ya kutiwa sahihi.

Ndivyo ilivyosema komunike iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya quartier yetu, mtaa mmoja wa hapa mjini Baraka, ikiwa na mihuri miwili, mmoja wazi na mwingine wa kusaidia wa kwanza. Na kwa kuwa watu hawapiti kwenye ofisi ile bila kuitwa, Chef wa quartier, Wilfried, aliizungusha mitaani juu ya pikipiki na kuisoma kwa megafoni, mara mbili kila kona, ili asibaki mtu ambaye hajasikia kwamba kelele zimekatazwa.

Komunike haikutaja jina. Ingekuwa kupoteza wino. Katika quartier nzima alikuwepo mtu mmoja tu wa kazi hiyo, Bonaventure Wilondja, na alipoisikia megafoni ikipita alikuwa amekaa kwa kinyozi na povu shavuni, kwa hiyo hakuweza kujibu. Kinyozi anasema ni mara ya kwanza kumwona Papa Bona akisikiliza kitu mpaka mwisho.

Kwa miaka mingi Papa Bona alikuwa mfasiri wa filamu katika ukumbi wa Dieumerci: kuta za mbao, bati juu, mabenchi, tele kubwa juu ya meza, na bafle mbili za sauti zilizofungwa kwa kamba ya neti. Filamu zilivuka ziwa pamoja na sabuni na ndoo za plastiki, zikashuka Kazimia, zikapanda hadi kwetu, na watu wa ndani yake walisema lugha ambazo mama zetu hawakutufundisha. Kazi ya Papa Bona ilikuwa kusimama kando ya ekrani na mikro mkononi na kutuambia wanasema nini. Yeye pia hakuzijua lugha hizo. Jambo hili halikuwahi kuonekana kama kizuizi.

“Lugha ni ya nini?” alizoea kuuliza. “Muntu akifungua kinywa, sura yake imekwisha kusema zamani. Mi nasoma sura.”

Alikuwa na taratibu zake. Tajiri wa filamu aliitwa Directeur, hata kama alikuwa mfalme. Msichana aliitwa Solange. Wakiwa wawili, wa pili aliitwa Dada ya Solange. Gari likiruka mashimo, Papa Bona alitangaza kwamba tumefika barabara ya Lulimba, na watu waliotoka Lulimba siku hiyo hiyo, bado na vumbi kwenye nyusi, walicheka kuliko wote. Watu wenye makoti ya manyoya, katikati ya theluji, walilalamikiana kwamba ndagala, samaki wetu wadogo wa ziwani, zimepungua tangu mwezi uonekane. Hakuna aliyeuliza ndagala zilifikaje kwenye theluji. Mtu akiwa na huzuni namna ile usoni, ni lazima kuna kitu kimepungua sokoni.

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa moja, na aliishika kama wengine wanavyoshika kwaresima: filamu ikinyamaza, mfasiri aongeze sauti.

“Filamu ikinyamaza,” alieleza, “batu banafikiri mufasiri amelala. Mufasiri akilala, batu banasimama. Wakisimama, njo wamekwenda.”

Kwa hiyo pale waigizaji walipozungumza, Papa Bona alisema kidogo, kwa sababu walikuwa wanafanya kazi wenyewe. Ni pale walipofunga midomo, wakaangalia dirisha au viatu vyao, ndipo alipowapa hotuba ndefu. Watu wa filamu zetu walikuwa wakisema mambo yao makubwa bila kutikisa mdomo. Tuliona ni ustaarabu wa kwao.

Kazi yake bora kuliko zote ilikuwa filamu moja iliyokuja bila ganda wala jina, diski tupu iliyofungwa kwenye gazeti. Ni habari ya kijana wa vitani anayetembea kwa miguu katika nchi ya baridi, amevaa koti la kijivu, mpaka anafika kwenye nyumba ya mama mmoja mzee. Kijana huyo bila shaka ana jina lake kwao. Papa Bona alimwita Vainqueur, na jina likashika. Palitokea mtumbwi wa mota ulioitwa Vainqueur, na saluni, na timu ya mpira iliyoshindwa na Lweba msimu mzima. Ukumbi ulijaa kila filamu hiyo iliporudi. Mwisho wake, mama anapoligusa koti na kumtambua mwanawe kwa kiraka alichomshonea mwenyewe, wanaume wazima walijifanya kutafuta viatu chini ya benchi.

Ukuta kwa ukuta na ukumbi palikuwa na chumba cha maombi. Kwa muda mrefu pande mbili ziliishi kwa kuvumiliana. Kisha Jumatano moja, katikati ya sala ya kumwombea mgonjwa, sauti ya Papa Bona ilipenya mbao ikisema, “Muache akufe, huyu amezidi,” na waumini wawili waliokuwa wamezama katika roho wakaitikia amina. Mgonjwa alikuwa amekaa palepale, na alisikia. Kutoka hapo komunike ilikuwa suala la kutafuta karatasi.

Dieumerci, mwenye ukumbi, hakulia sana. Alihamia kwenye mpira, ambao unakuja na mfasiri wake ndani. Papa Bona akarudi nyumbani kwa mke wake mchana kweupe, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu harusi.

Mke wake, Adolphine, ni mwuzaji wa ndagala, na tele ya nyumbani ni yake. Hakuwahi kuingia ukumbi wa Dieumerci: saa za filamu zilikuwa saa za kugombania ndagala za Lweba zinaposhuka, na mabenchi yale yalikuwa ya wanaume. Tele aliinunua kwa jasho lake, pamoja na sola ya kuilisha. Kisha ukaja mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia majumbani bila hodi. Tele iliokolewa juu ya kabati. Picha ilipona. Sauti haikurudi tena, na fundi aliyeichungulia alisema ni afadhali kushukuru kwa kilichobaki.

Adolphine alishukuru. Kila Jumapili, akitoka ibadani na bugali ikiwa imekwisha kuliwa, alifunga dirisha kwa kitenge ili mwanga usile ekrani, akamwita jirani yake Consolate, na wanawake wawili wakakaa mbele ya filamu bubu wakichambua maharagi ya wiki. Consolate Ndabaneze, Mama Claver kwa majirani, ni mkimbizi kutoka Burundi, mkulima wa muhogo, mtu wa maneno machache katika lugha zote anazozijua. Kwa tele isiyo na sauti alikuwa mgeni sawa na wenyeji.

Na hapo, bila mtu kuwafundisha, walikuwa wamejifunza kuangalia. Adolphine aliangalia milango na mikono. Mtu anayefunga mlango polepole atarudi, alisema. Anayeubamiza, msimtafute tena. Mtu anayeshika-shika kifungo cha shati ana uongo anaupanga. Consolate aliangalia chakula. Hakuna filamu, alisema, ambayo watu hawatafika mezani, na wakifika mezani basi, kila kitu kiko pale: nani anapakua, nani anasukuma sahani, nani anakula akiangalia mlango. Muntu akikataa kula kwa batu, iko na neno. Walikuwa wakijua nani atakufa kabla yeye mwenyewe hajaanza kukohoa.

Juu ya nyumba hii alishuka Papa Bona. Aliingia, akaona tele isiyo na sauti na watu wawili wamekaa, na akaamini kwamba Mungu amemwonea huruma. Alivuta kiti cha mikono, kile kizuri cha mninga, akakiweka mbele, na kuanza kazi.

Walimvumilia Jumapili ya kwanza kwa adabu. Ya pili walimvumilia kwa kuguna. Ya tatu, wakati mwanamke wa filamu alipokaa peke yake kitandani na Papa Bona akamtolea hotuba kuhusu mashemeji, Adolphine aliweka ungo chini.

“Baba Gentille,” alisema, maana binti yao wa kwanza ni Gentille, aliyeolewa Uvira, “we unatuonyesha filamu ao unatufichia?”

“Ninabasaidia.”

“Nani aliomba musaada?”

“Mi sikuomba,” alisema Consolate, bila kuinua macho kutoka kwenye maharagi.

“Huyu mwanamuke analia,” Adolphine aliendelea. “Mi naona analia. Mama Claver anaona analia. We unasema, ‘Analia.’ Sasa tuko banne tunalia, na nafasi ni ndogo.”

“Hamuwezi kujua sababu yenye inamuliza.”

“Pete haiko tena kwa kidole. Tangu mwanzo ilikuwa, sasa haiko. Njo sababu.”

Papa Bona aliangalia kidole cha yule mwanamke. Kusema kweli hakuwahi kuangalia kidole cha mtu katika filamu, isipokuwa kikiwa kwenye bunduki.

“Sikia,” alisema mke wake. “Siku ya Mungu yenye inakuja, chagua filamu yenye unataka. Ukinyamaza toka mwanzo mupaka mwisho, kiti hiki ni yako, hakuna mutu atakigusa, hata askofu. Ukifungua kinywa, wewe na kiti munatoka. Mutakaa inje na mbuzi. Utabafasiria kule, baliishaga kutaka kujua mambo mingi.”

“Na kukohoa?”

“Kukohoa ni ruhusa. Lakini kukohoa kwako mi nakujua.”

Usidhani ni mchezo. Ukumbi ulikuwa umekwisha. Redioni, alikokwenda kuomba kazi, walimwambia watamwita, na hawakumwita. Kama na kiti kile kingetolewa nje, Bonaventure Wilondja hangebakiwa na mahali popote Baraka pa kukaa mbele ya filamu, na mtu ambaye maisha yake yote yamepita mbele ya filamu hawezi kuanza leo kupenda karata. Wiki nzima alijizoeza. Alikaa uani akiangalia kuku wakigombana, akajikataza kueleza chanzo cha ugomvi.

Akachagua ile ya koti la kijivu. Hesabu yake ilikuwa hii: filamu anayoijua kwa moyo haitamshtua, na kile kisichomshtua hakitamfungua kinywa. Na tena, ingawa hakulisema, alitaka mke wake aione hatimaye. Watu wa Kazimia walikuwa wameilia. Mtu wa chumbani kwake hakuwa ameiona hata kipande. Akaenda kwa Dieumerci kuomba diski, akapeleka kwa kijana wa simu aihamishie kwenye flash, na Jumapili ilipofika alivaa shati la kwenda kanisani, akaenda kanisani, akarudi, na hakulivua.

Kitenge kikafungwa dirishani. Maharagi yakamwagwa kwenye ungo. Papa Bona akakaa, akafunga mikono kifuani, na filamu ikaanza.

Sasa kuna jambo la kazi yake ambalo ni lazima lielezwe hapa. Filamu hii inaanza kwa kimya kirefu, na kule ukumbini Papa Bona alikitumia kimya hicho kama padri anavyotumia matangazo. Aliwageukia watu. Aliwakaribisha, akaomba kofia zivuliwe, akasalimia wageni kwa vijiji vyao, akajitaja jina na ukoo, akaeleza kwamba filamu mtakayoona si ya mchezo. Mgongo wake ulikuwa kwenye ekrani, ukiifunika, wakati wote huo. Alipogeuka, kijana wa koti la kijivu tayari yuko barabarani anatembea, na hapo ndipo yeye aliposhika habari: “Vainqueur ametoka vitani.” Filamu aliyoifasiri kwa miaka mingi, hakuwahi kuona mwanzo wake.

Aliuona Jumapili hiyo.

Kuna ukungu, na wanajeshi wawili vijana. Mmoja ni mrefu, amevaa koti la kijivu linalomkaa vizuri mabegani. Kwenye kiwiko lina kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Wa pili ni mfupi, hana koti, anatetemeka. Yule mrefu anacheka, anampigapiga mgongoni, anaondoka kwenda kutafuta kuni. Ukungu unazidi. Mfupi amebaki peke yake na bunduki, na unaona macho yake yanavyoruka kila upande. Kitu kinatokea katika ukungu, kivuli kikubwa, kinene kwa kuni kilizobeba. Mfupi anapiga risasi. Kisha hatuonyeshwi uso wa mtu. Tunaonyeshwa buti zake tu, zinatembea, zinatembea, zinasimama. Kuni zimetawanyika kwenye majani.

Halafu barabara. Yule mfupi anatembea, amevaa koti la kijivu. Mikono yake imepotea ndani ya mikono ya koti, vidole havionekani.

Katika ukumbi wa Dieumerci, koti lile kubwa Papa Bona alilieleza kwa sentensi moja: “Oneni vile vita imemukondesha.” Na watu waliona.

Papa Bona alikohoa.

“Ya kwanza,” alisema Adolphine.

Akakohoa tena, na akashika mikono ya kiti. Wanawake hawakumwangalia. Consolate alikuwa ameacha maharagi, jambo ambalo alilifanya kwa nadra.

Kijana alikuwa bado barabarani wakati mlango ulipopigwa hodi, na Chef Wilfried akaingia kabla ya kuambiwa karibu, kama wafanyavyo walio kazini. Alikuwa amepata habari kwamba kuna nyumba inayofunga madirisha kwa kitenge kila Jumapili, yenye mfasiri ndani. Alikuwa amevaa saa yake ya ukaguzi na kushika megafoni, ambayo hakuiacha popote tangu ilipotolewa na wafadhili.

“Mama Gentille,” alisema, “nimefika kwa kukagua. Hapa banasema kuna sinema ya siri.”

“Karibu, Chef. Kaa, ukague.”

“Sauti iko wapi?”

“Ilikufa na maji.”

“Na mufasiri?”

Adolphine alimwonyesha kwa kidevu. “Njo yule. Anakaa kimya.”

Chef alimtazama Papa Bona aliyekaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Inawezekana alitegemea kitu kingine. Akavuta kigoda, akakaa, megafoni mapajani, akaikazia macho ekrani kwa ajili ya kutimiza wajibu. Uso wake ukabadilika.

“Lakini huyu ni Vainqueur,” alisema.

Chef Wilfried, kabla hajawa Chef, alikuwa mwanafunzi wa sekondari aliyeruka masomo ya alasiri, na benchi la mbele kwa Dieumerci lilikuwa na umbo la makalio yake. Alianza polepole, kwa mnong'ono, kama mtu anayefuata wimbo kanisani.

“Sasa atafika kwa muto… Ona, ni muto. Huyu wa mutumbwi atamuuliza, ‘Kijana, unakwenda wapi?’ Na yeye atasema…” Kijana kwenye ekrani aliangalia maji, midomo imefungwa. “Atasema, ‘Mama, niko njiani, weka maji ya bugali.’”

“Chef,” alisema Adolphine. “Komunike.”

“Ni mimi nilisaini komunike.”

“Njo maana nakukumbusha.”

Alinyamaza mpaka mto ulipovukwa. Zaidi ya hapo lilikuwa jambo lililoshinda nguvu zake. Alisema maneno ya mlima, ya mbwa, ya mwanamke wa kisimani ambaye ni Solange. Aliyasema bila kukosea, na pale Papa Bona alipozoea kuvuta pumzi, naye alivuta. Papa Bona alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni. Mfasiri alikuwa amekatazwa kusema na serikali na pia na mke wake, na sasa serikali inasema maneno yake mwenyewe mbele ya mke wake, nayo haifukuzwi. Alikohoa mpaka Adolphine akaacha kuhesabu.

Nyumba ilifika. Mama mzee alifungua mlango, akamtazama kijana, akamwacha aingie. Chef alisogeza kigoda mbele.

“Hapa,” alisema. “Hapa, bamama, mukamate vitambaa.”

Mama mzee aliweka bakuli la supu mezani. Kijana hakuligusa. Consolate alitikisa kichwa kidogo sana. Mama alizunguka nyuma ya kijana, akaona kiwiko, akaona uzi mwekundu. Mkono wake ukashuka juu ya kiraka na kubaki pale.

“Amemutambua,” alinong'ona Chef. “‘Ni uzi wangu huu. Ni mutoto wangu.’”

Na hapo kamera ikarudi nyuma, polepole, mpaka chumba kizima kikaonekana: meza, bakuli, kijana, mama. Na upande wa kushoto, ukutani, juu ya mshumaa, picha katika fremu. Kijana mrefu, anacheka. Amevaa koti la kijivu linalomkaa vizuri mabegani.

Maharagi mawili yalianguka kutoka kwenye ungo, na yalisikika yote mawili.

“Huyu wa kwa picha ni nani?” aliuliza Chef.

Filamu ilinyamaza. Chef akamgeukia mfasiri.

“Papa Bona. Huyu ni nani?”

Papa Bona aligusa midomo yake kwa kidole, kisha akamwonyesha mke wake, kisha kiti.

“Zamani hakukuwa picha pale,” alisema Chef. “Mi filamu hii nimeiona kuliko biblia. Pale kwa ukuta hakukuwaka kitu.”

Kwenye ekrani kijana alikuwa anavua koti. Alilikunja kwa uangalifu mkubwa, mikono ndani, akaliweka mezani mbele ya mama mzee. Mama alilitazama muda mrefu. Kisha akalisogeza pembeni, akasukuma bakuli karibu na kijana, akaketi, akangoja ale. Kijana akashika kijiko. Mwisho.

Majina ya watu yakapanda katika maandishi yasiyosomeka. Papa Bona alingoja mpaka jina la mwisho likatoka, kwa usalama. Ndipo alipofungua kinywa.

“Pale,” alisema, “njo nilikuwaka nasimama.”

Ilikuwa kweli: upande wa kushoto wa meza, bega la kulia likiegemea tele, mikro mkono wa pili. Miaka yote ile, Baraka nzima ilikuwa imeitazama filamu ile ikikosa kipande chenye ukubwa wa bega la Papa Bona.

“Basi mama si mama yake,” alisema Chef.

“Ni mama ya mwenye koti,” alisema Adolphine. “Na yeye njo alimuua, kwa mwanzo, kwa ukungu. We hukuona mwanzo, Chef, ulikuwa unazunguka na megafoni.”

“Hata zamani sikuona mwanzo. Zamani kwa mwanzo tulikuwa tunasalimiwa.” Alifikiri. “Na amekwenda kule kufanya nini, kama ni muuaji?”

“Kurudisha koti,” alisema Consolate.

“Ni hayo tu?”

“Na mama amemupa chakula.” Consolate alirudi kwenye maharagi yake. Alionekana kuona kwamba filamu imekwisha vizuri.

Chef Wilfried alikaa na megafoni yake. Ni mtu mwenye mwili, na kigoda kilikuwa kidogo, na kwa ghafla alionekana kama amepewa kigoda hicho kwa adhabu. Adolphine alikuwa tayari kumtania, mdomo umeshafunguka, kisha akamtazama mikono: alikuwa anashika kifungo cha shati, anakizungusha. Akaufunga.

“Papa Bona,” alisema Chef mwishowe. “Komunike tuweke kando kidogo. Urudishe pale kwa mwisho. Sema sawa vile ulikuwaka unasema. Mara moja tu.”

Papa Bona alimwangalia mke wake.

“Filamu imekwisha,” alisema Adolphine. “Kiti ni yako. Kinywa pia.”

Akainuka kutoka kwenye kiti alichokishinda kwa haki. Akairudisha filamu mpaka mlango wa mama mzee. Kisha akaenda kushoto mwa tele. Tele ya nyumbani ni ndogo, na meza yake ni fupi. Ili bega likae mahali pake ilibidi apige goti moja kwenye mkeka, ajipinde kiuno, na kuinamisha kichwa kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Hakuna picha ya ukutani iliyoonekana tena. Kwa mikro alishika mwiko.

“Mama,” alisema, kwa sauti ile ya ukumbini, lakini chini, chini kabisa, isipenye ukuta wa mtu. “Ni mimi, Vainqueur. Nimerudia.”

“Unafunika bakuli,” alisema Consolate.

Akasogea kidogo, magoti yakalia. Bakuli likaonekana. Bega halikusogea.

“‘Vainqueur, mutoto wangu. Uzi ni wangu huu. Kula kwanza. Habari tutasikia kesho.’”

Chef Wilfried aliinama kutafuta kitu chini ya kigoda. Alikaa huko kwa muda. Adolphine, ambaye sasa alikuwa ameiona filamu mbili katika alasiri moja kwa flash moja, alimimina chai.

Ukaguzi haukupata kosa lolote, na Chef alisema hivyo alipoaga. Siku hizi Papa Bona huweka mwanzo wa filamu ile peke yake, saa ambayo jua linaikubali sola, na hukaa kwenye kiti chake cha mninga bila kusema neno mpaka kwenye zile buti. Zikisimama, humwita mke wake aje aone, naye huja na mikono ya ndagala, akaona, akarudi uani. Kuhusu mwisho, hafasiri isipokuwa akiombwa, na anayeomba ni mmoja, hufika Jumapili, bila megafoni.

Komunike haijafutwa. Bado iko kwenye mlango wa ofisi, ingawa mvua imechukua mhuri mmoja, na inaendelea kuwajulisha raia kwamba maneno ya mtu wa pembeni hayaongezi kitu juu ya picha. Mtoto wa kwanza wa Chef Wilfried yuko mwaka wa tano wa shule ya msingi. Anaitwa Vainqueur.